Nimekufananisha: kuisema kwa Kiingereza

Swali: Niko mapokezi, hoteli moja Nungwi. Mgeni wa chumba namba 12 nilimpa ufunguo wa 21, nikidhani ndiye mwenyewe. Nikamwomba radhi: "Sorry, I resembled you with another guest." Akabaki kunitazama. Nimekosea wapi?

Jibu: "Resemble" ni kufanana, si kufananisha. Kiswahili hutia -ish- na maana ikageuka. Kiingereza hutafuta kitenzi kingine kabisa. Hapo ulihitaji "mix up": "Sorry, I mixed you up with another guest."

Kitenzi hiki kina vipande viwili, navyo huachana. Nomino hukaa katikati au mwisho: "mix the keys up", "mix up the keys", zote sawa. Lakini "you", "him" au "them" hukaa katikati tu. "I mixed up you" ni kosa. Kisha "with" humleta yule wa pili. Usiweke "in" mahali pake, kwani "he got mixed up in a theft" ni kusema amejiingiza kwenye wizi.

Ukisema "I always mix up Asha and Neema", umesema huwatofautishi, basi. Nani alikuwa mbele yako, haijulikani. Ukitaka ijulikane kuna "mistake for", na hapa ndipo wengi huteleza. "I mistook Asha for Neema": aliyesimama pale ni Asha, nami nikamdhania Neema. Aliyepo hutangulia, wa kudhaniwa hufuata "for", kamwe si "with" wala "as". Wakati uliopita ni "mistook", "mistaked" haipo. Na "for" usiidondoshe: "She was mistaken for Neema" ni alidhaniwa kuwa Neema, ila "She was mistaken" ni yeye ndiye aliyekosea.

"Take for" hufuata mpangilio huohuo: "I took him for the driver", nilidhani ni dereva. Ila "What do you take me for?" husemwa kwa hasira, kama mtu anayefoka "kwani unanionaje?" Mgeni akikutamkia hivyo, usimjibu swali, mtulize.

Kwa mkasa wako wa ufunguo, nomino yenye kistari inafaa sana: "I'm so sorry, there's been a mix-up with the keys. Yours is number 12." Mwambie hivyo huku ufunguo wake ukiwa tayari mkononi mwako.