Maswali na majibu: mchawi, karatasi na dubwana katika "Night of the Demon"

Maswali ya safari hii yanahusu "Night of the Demon", filamu ya Uingereza ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Jacques Tourneur.

Nimechoshwa na filamu za kutisha zinazomwaga damu tangu dakika ya kwanza. Hii ya zamani inahusu nini, na ndani yake kuna nini cha kuogopesha?

Dkt. John Holden, mwanasaikolojia Mmarekani anayeigizwa na Dana Andrews, anakwenda London kwenye mkutano wa wataalamu wanaokusudia kumfichua Julian Karswell, kiongozi wa kundi la waabudu shetani, na anapowasili anapata habari kwamba mwenyeji wake, Profesa Harrington, ameshakufa. Wakiwa katika chumba cha kusomea cha British Museum, Karswell anampenyezea Holden ndani ya makabrasha yake kikaratasi chenye maandishi ya runi, herufi za kale za Ulaya ya Kaskazini, yanayoliita dubwana limuue aliyepewa, na baadaye anamtajia wazi siku ya kifo chake: tarehe 28 ya mwezi huo, saa nne usiku.

Karswell mwenyewe ndiye anayetisha. Niall MacGinnis amemwigiza kama bwana mchangamfu, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, anayeishi na mama yake katika jumba la kifahari na kuwaburudisha watoto wa jirani kwa mazingaombwe huku amejipaka rangi za mchekeshaji wa sarakasi. Katikati ya sherehe hiyo anaita dhoruba ili kumthibitishia Holden uwezo wake, na watoto wanakimbia huku viti na meza vikipeperushwa. Baadaye tunagundua kwamba naye anaishi kwa hofu, kwa kuwa nguvu aliyoiamsha isipomchukua mwingine itamchukua yeye. Kwa maoni yangu hakuna mchawi wa sinema aliyechorwa vizuri zaidi katika miaka ile.

Mimi ni mtu wa Mombasa na jambo moja limenitatiza: kwa nini Holden asiichome tu ile karatasi, au aitupe baharini?

Kuichoma ndiko kungemwangamiza. Katika kanuni za hadithi hii, karatasi ikishateketea aliyepewa hana tena njia ya kujitegua, na ndiyo maana karatasi ya Holden inajirusha yenyewe kuelekea motoni na kuzuiwa na wavu wa meko. Njia pekee ya kuokoka ni kuirudisha kwa aliyeitoa, naye aipokee kwa mkono wake. Wewe uliyekulia pwani, ambako kila mtu amesikia habari za jini la kutumwa ambalo hurudishwa kwa mwenyewe, huhitaji kuelezwa zaidi.

Kanuni hiyo ndiyo inayoibeba filamu nzima. Mkulima Rand Hobart, mfuasi wa Karswell, alijiokoa kwa kumrudishia ndugu yake karatasi aliyokuwa amepewa, na tangu hapo akapoteza akili. Madaktari wanapomzindua kwa hipnosisi (usingizi wa kushawishiwa) na Holden akamwonyesha karatasi, anadhani anakabidhiwa yeye, anapiga kelele na kujirusha dirishani. Halafu tazama mwisho ndani ya treni, ambako Karswell anakataa kupokea chochote kutoka kwa Holden, hata kitu cha kawaida kabisa. Watu wazima wawili wanaviziana juu ya kipande cha karatasi, nawe unashindwa kupumua.

Je, ni kweli kwamba mwongozaji hakutaka dubwana lionekane?

Tourneur alilalamika hivyo kwa miaka mingi, na Charles Bennett, mmoja wa waandishi wa mswada, naye alimkasirikia mtayarishaji Hal E. Chester kwa mabadiliko aliyoyafanya. Malalamiko hayo yana mizizi: Tourneur alijijengea jina kwa "Cat People" ya mwaka 1942, ambayo aliitengeneza pamoja na mtayarishaji Val Lewton, na ambayo hofu yake hutokana na kivuli, nyayo na sauti, si mnyama anayeonekana.

Wapenzi wengi wa sinema huunga mkono upande wake bila kusita. Mimi nauunga mkono nusu. Dubwana linaloonekana mwishoni kwa karibu mno linafanana na mwanasesere mkubwa, na lingeondolewa bila hasara. Lile la mwanzoni, linalomtokea Harrington kutoka katika moshi kati ya miti, lina kazi yake. Kwa kuwa tumeshaliona, hatuulizi tena kama uchawi huo upo. Tunamtazama Holden, msomi aliyejaa uhakika, akicheka onyo baada ya onyo wakati siku zake zinahesabika, na ukaidi wake ndio unaotukera na kututia hofu.

Runi ni herufi za kichawi kweli?

Ni alfabeti ya kale ya jamii za Kijerumani za Ulaya ya Kaskazini, na ile ya zamani zaidi ilikuwa na herufi 24. Zilichongwa juu ya mawe ya kumbukumbu, silaha na hata vitana, mara nyingi kutaja tu jina la mwenye kitu au la marehemu, ingawa yapo maandishi yanayoonekana kuwa ya kinga au laana. Wazo la kikaratasi cha mauti limetoka katika hadithi fupi "Casting the Runes" ya M. R. James, iliyochapishwa mwaka 1911. James alikuwa mtaalamu wa miswada ya Zama za Kati huko Cambridge, na bila shaka ndiyo sababu mauti katika hadithi zake huanzia maktabani.

Nimekuta nakala mbili zenye majina tofauti. Nitazame ipi?

Tazama ya Uingereza, ya karibu dakika 95. Ile iliyoitwa "Curse of the Demon" ilipunguzwa kwa ajili ya Marekani hadi dakika zipatazo 82, na miongoni mwa vilivyokatwa ni ziara ya Holden kwenye shamba la akina Hobart, ambayo bila hiyo kisa cha Rand kinakosa msingi.