Umeshuka Kilimanjaro na pumzi bado inakata? Hiyo 91 usiifurahie

Mkuu, nimesoma ulichoandika. Ulipanda kwa njia ya Marangu na msafara wa 9 Desemba, umesharudi Dar, wiki imekatika na bado una kikohozi kikavu, na ngazi za ofisini zinakukata pumzi. Kile kimashine cha kubana kidoleni, cha kupima oksijeni kwenye damu, kinakusomea asilimia 91, na kwa kuwa kule Kibo kilikuwa kinasoma 80 na kitu, umeona unaendelea vizuri. Wadau nao wamekushauri tangawizi na asali, eti baridi imekuingia kifuani.

Mimi naongoza wageni mlimani, na kabla ya hapo nilibeba mizigo kama wagumu wengine. Si daktari. Ila hiyo 91 ndiyo imenifanya niandike.

Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele, iko kwenye mita 4,700 na ushee. Pale mtu akisoma 80 na kitu, huku anaongea vizuri na chakula kinapita, hatuna wasiwasi naye. Hewa ya kule ina oksijeni asilimia 21 ile ile ya Kariakoo, kilichopungua ni mgandamizo wake. Ukifika kileleni Uhuru, mita 5,895, kila pumzi unayovuta inakupa karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Lazima namba ishuke. Sasa wewe uko Dar, usawa wa bahari, na huku mtu mwenye mapafu mazima anasoma 95 kwenda juu. Kwa 91 ya Kibo tungekupigia makofi. 91 ya Dar ni ya kwenda hospitali leo. Kama unashuku kimashine, pasha mikono joto, futa rangi ya kucha kama ipo, tulia dakika chache, kisha pima vidole viwili vitatu. Ikirudia hapo hapo, usingoje Jumatatu.

Maradhi ya mlima yenyewe dawa yake kubwa ni kushuka. Niliwahi kuamshwa usiku pale Kibo kwa ajili ya mgeni aliyeshindwa kulala chali. Tulimkuta amekaa ameinamia magoti, midomo imekuwa ya kijivu, anakohoa vikohozi vifupi vifupi. Nikaweka sikio mgongoni kwake, ndani kunabubujika. Hayo ni maji kwenye mapafu, na hayasubiri kupambazuke. Tulimwekea oksijeni, tukamfunga kwenye machela ya tairi moja, tukashuka naye gizani hadi kambi ya Horombo, mita 3,720, vijana wakipokezana kushika breki. Kufika kule alikuwa anaulizia chai. Hakuwa amepona, daktari wa Moshi alimwambia apumzike na asifanye kazi nzito kwa muda, lakini kila siku ilikuwa afadhali kuliko jana yake. Ndicho ninachokiangalia kwa mtu aliyeshuka: anaelekea wapi? Wewe wiki nzima uko pale pale.

Kuhusu kikohozi, kipo kile cha kawaida ambacho karibu kila msafara unashuka nacho. Ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, vumbi, halafu usiku wa kileleni mtu anahema kwa mdomo hewa ya barafu saa kadhaa mfululizo. Koo lazima lichubuke. Kinaweza kudumu hata wiki mbili, kinakera, hasa usiku. Tangawizi kwa hicho sina ugomvi nayo. Lakini mwenye kikohozi hicho ngazi anapanda, na namba yake iko sawa.

Kinachonitisha zaidi, na sijaona mdau yeyote akikitaja, ni damu kuganda. Juu kule unapoteza maji mengi kwa kuhema na hamu ya kunywa inapotea, damu inakuwa nzito. Halafu unashuka na kuketi kwenye basi la Moshi kwenda Dar kutwa nzima, au kwenye ndege usiku kucha, magoti yamekunjwa. Mgeni wangu mmoja alishuka mzima kabisa, akapiga picha na cheti chake getini. Baadaye akanipigia kwamba kigimbi kimoja kimevimba, anadhani ni uchovu wa mteremko. Mteremko unauma miguu yote miwili, mkuu. Mmoja ukivimba peke yake na kuwa wa moto, hilo ni jambo jingine. Kabla hajaenda kuonwa ikaongezeka maumivu ya kuchoma kifuani kila akivuta pumzi ndefu. Bonge la damu lilikuwa limetoka mguuni limekwenda kwenye mapafu. Alilazwa, akapewa dawa za kuzuia damu kuganda, yuko hai. Wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango wawe makini zaidi na hili.

Yapo na mengine: nimonia, hasa ukiwa na homa na makohozi yenye rangi. Pumu ya zamani iliyoamshwa na baridi. Na TB, ambayo mtu hupanda nayo bila kujua kisha mlima unasingiziwa. Kikohozi kikifika wiki mbili pimwa makohozi, hospitali za serikali hawakutozi kwa hilo.

Ukifika kwa daktari usiseme tu "nina kikohozi". Mwambie ulifika mita ngapi na lini ulishuka, kama ulipumua kwa shida ukiwa umekaa kule juu, kama ulimeza Diamox (ile dawa ya kuzuia maradhi ya mlima) au dawa nyingine, ulikaa kwenye basi saa ngapi, na mwonyeshe miguu. Madaktari wengi wa pwani hawakutani na watu wa mlimani kila siku, na bila maelezo hayo ni rahisi kuondoka na dawa ya kikohozi tu. Ukianza kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, ukikohoa damu au midomo ikibadilika rangi, nenda dharura moja kwa moja, na usiendeshe gari mwenyewe.

Ile safari ya Meru ya Februari uliyoitaja, usilipie kwanza. Nayo inavuka mita 4,500, na aliyewahi kujaa maji kwenye mapafu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kujaa tena akirudi juu. Leta majibu ya hospitali hapa kwanza, ndipo tuzungumze tarehe.