Jibu: Sikilidi wakubwa na wadogo ndani ya akwariamu moja

Jambo ndugu wa Goma, na jambo kwa wote. Umeuliza kama akwariamu yako ya lita 300, yenye urefu wa sentimita 120, inaweza kuwapokea pamoja frontosa, julido na wale wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, na kama wakubwa hawatawamaliza wadogo. Mimi ninafuga sikilidi (jamii ya samaki wa maji baridi, na hao uliowataja wote ni wa jamii hiyo) wa Ziwa Tanganyika hapa Bukavu, wengi wao wanaletwa kutoka Uvira ndani ya mifuko ya plastiki. Nitakujibu kwa yale ninayoyaona nyumbani.

Kabla ya kupima urefu wa samaki, jiulize kila mmoja anagombea nini. Sikilidi hapigani kwa sababu ni mkubwa. Anapigania mahali: ufa wa jiwe, kipande cha mchanga, kombe moja tu. Lamprologus ocellatus hafiki sana zaidi ya sentimita 5, na anataka kombe lake na mchanga unaolizunguka, basi. Julidochromis transcriptus, mmoja wa wale tunaowaita julido, wa sentimita 7 hivi, anataka nyufa za mawe. Hao wawili wanaweza kuishi miaka jirani kwa jirani mradi mawe yako upande mmoja na makombe upande mwingine. Lakini ukiweka aina mbili za julido pamoja, hata kama moja ni kubwa mara mbili ya nyingine, watagombana mchana na usiku kwa sababu nyufa wanazozitaka ni zile zile. Na wakipatana, ni vibaya zaidi: watazaa machotara.

Tena usidhani mdogo ndiye mnyonge. Neolamprologus brichardi, yule mwenye mkia wa nyuzi nzuri, ni samaki wa kidole tu. Jina lake linatokana na Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Bujumbura. Jozi moja ikizaa, watoto wakubwa hawaondoki. Wanabaki kuwalinda wadogo zao, na wazazi wanazaa tena. Ukoo unakua, eneo linapanuka, na mwishowe samaki wengine wote wanasongwa kwenye kona ya juu. Nimeona jozi ya hao ikimfukuza Altolamprologus compressiceps, sikilidi mwingine wa Tanganyika, mara mbili ya ukubwa wao mpaka akaacha kula. Kwa lita 300 mimi singewachanganya na mtu yeyote. Wape akwariamu yao peke yao, utafurahi kuwatazama.

Ukubwa unaanza kuwa na maana kwenye mdomo. Kinachoingia mdomoni kitaliwa, hata kama kwa miezi hakijaguswa. Frontosa ni mpole, anaogelea polepole, mchana unaweza kumwona amesimama tu karibu na mawe. Lakini ziwani anakula samaki wembamba kama Cyprichromis, akiwavizia wakati mwanga ni hafifu. Kwako atafanya hivyo hivyo: taa zikizimwa, ocellatus aliyechelewa kuingia kwenye kombe hutamwona asubuhi. Dume la frontosa linafika sentimita 30, na anapenda kuishi kikundi. Kwa akwariamu yako jibu langu ni hapana.

Sasa mawe, maana hapa ndipo kazi yote ilipo. Ziwani aliyeshindwa anakwenda zake. Kwenye kioo hana pa kwenda, na ndiyo maana ugomvi ambao ziwani ungeisha kwa dakika moja, nyumbani unaua. Ni lazima umtengenezee pa kwenda. Panga mawe kwa marundo mawili au matatu yaliyoachana, yapande karibu na uso wa maji, ili samaki wa rundo moja asimwone wa rundo jingine. Na nyufa ziwe za upana tofauti: nyingine za kuingia kidole kimoja tu, nyingine za kuingia ngumi. Ule ufa mwembamba ndio unaomwokoa mdogo, kwa sababu mkubwa anafika mlangoni na kuishia hapo. Weka mawe kwanza juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga, kwani hawa ni wachimbaji na jiwe lililokaa juu ya mchanga litaanguka. Ninyi wa Goma mna lava kila mahali. Inafaa, ila chagua iliyo laini au usugue zile ncha kali, la sivyo samaki anayefukuzwa atachubuka.

Maji ya Kivu yenyewe yanawafaa: pH yake inakaribia 9, na madini yake ni mengi hata kuliko ya Tanganyika. Baridi ya usiku ndiyo tatizo letu, kwa hiyo weka hita ya kufikisha nyuzi 25. Na pompi ndogo ya hewa ya betri iwe tayari, maana umeme ukienda, akwariamu yenye samaki wengi inakosa hewa haraka.

Watie wadogo kwanza. Waache wagawane makombe na nyufa mpaka watulie, ndipo ulete wakubwa, na uwalete wakiwa bado watoto. Ukiongeza samaki baadaye, hamisha mawe kadhaa siku hiyo hiyo na uzime taa. Mwenye eneo akikuta mipaka yake imevurugika, anashughulika kutafuta upya badala ya kumvamia mgeni. Chakula kimwage pande mbili kwa wakati mmoja. Sambaza (wale dagaa wa Kivu) waliokatwakatwa ni wazuri kwa walaji nyama (nao asili yao ni Tanganyika, waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950), lakini ukiwa na Tropheus, sikilidi mwingine, usimpe: utumbo wake mrefu ni wa kula mwani wa mawe, na nyama itamvimbisha tumbo.

Pezi lililochanika kidogo lisikutishe. Samaki anayening'inia kona ya juu, mapezi yamebanwa, hashuki kula, huyo mtoe leo, usingoje kesho.

Kwa lita 300, mimi ningeweka kikundi kidogo cha ocellatus, jozi moja ya julido, na compressiceps wawili wachanga. Hawa wanakua polepole sana, na watakula baadhi ya vifaranga, kwa hiyo idadi haitakuzidi. Makombe yawe mengi kuliko samaki wanaoyatumia. Ukishapanga mawe, weka picha hapa kabla ya kujaza maji, tuangalie wote kama nyufa zinatosha.