Rangi ya Mkia Haitoshi

SWALI: Mhariri, mwanangu alikata tiketi ya shirika la ndege la United kutoka Chicago, Marekani, lakini tiketi ilitaja SkyWest. Je, alidanganywa? (Msomaji, Jinja)

JIBU: Hakudanganywa, ndugu msomaji. Safari kama hizo United huziita United Express, lakini hilo ni jina la biashara tu. Marubani na wahudumu wameajiriwa na kampuni nyingine kama SkyWest ya jimbo la Utah, ambayo kwa kawaida hulipwa na United ada ya kurusha ndege, huku United yenyewe ikipanga ratiba na kuuza tiketi. SkyWest hiyo hiyo huyarushia pia mashirika ya ndege ya Delta, American na Alaska, kama dereva mmoja mwenye matajiri wanne! Tangu 2010, sheria ya Marekani huwalazimu wauzaji kumtaja mwendeshaji halisi, ndiyo maana mwanao aliliona jina hilo.