"Halcyon" maana yake nini na imetokea wapi

Mdogo wangu wa Tukuyu uliyeuliza neno la Kiingereza "halcyon", maana yake ni tulivu, shwari, na mara nyingi utaikuta inaongelea siku za zamani zilizokuwa na amani na raha. Asili ni Kigiriki, alkyon, yani ndege mdiria, jamii ya hao tunaowaona Matema wanajitosa Ziwa Nyasa kudaka samaki. Wagiriki walisimulia kwamba Alcyone, binti wa Aeolus bwana wa upepo, mumewe Ceyx alizama baharini, afu miungu ikawageuza ndege wote wawili, basi kila kipupwe Aeolus anazuia upepo kama siku 14 hivi bahari itulie bintiye aatamie mayai, aisee inapendeza sana hii! Kwenye insha iandike na "days", yani "halcyon days", mtu mpole usimwite hivyo, tumia "calm" tu.