Eyas: kinda la kozi lina uhusiano gani na jicho?

Msomaji kauliza hivi: "Mtaalamu, kwenye Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, nimekuta neno eyases, kamusi inasema ni makinda ya kozi, yule ndege mwindaji. Kozi anasifika kwa macho makali, kwa hiyo ni ile ile eye ya jicho?"

Hapana ndugu yangu, jicho halimo kabisa, ila naelewa kwa nini umelifikiria maana hayo maandishi yanadanganya sana. Ukikutana na neno la ajabu anza kwa wenye kazi yao. Wanaofundisha kozi kuwinda wanatofautisha ndege kwa jinsi alivyopatikana, haggard ni yule kanaswa porini ameshakomaa, eyas ni yule katolewa kiotani angali kinda. Kiota ndo ufunguo wenyewe. Maneno mengi ya fani hiyo Waingereza waliyapata kwa Wafaransa, na Kifaransa cha zamani kilikuwa na niais, yaani wa kiotani, chimbuko lake ni Kilatini nidus, kiota. Likaingia Kiingereza likawa nyas.

Sasa litamke haraka haraka: a nyas. Hiyo n iko katikati, sikio halijui iende kwa nani, basi karne ya 15 watu wakaipeleka nyuma wakaanza kusema an eyas. E ya mbele nayo inaonekana ilivutwa na ey, neno lao la zamani la yai.

Na si hili tu, apron ilikuwa napron, adder yule nyoka alikuwa naddre, alafu kuna ya kinyume, newt alikuwa ewt akaiba n ya an. Sisi wenyewe tumefanya hivyo hivyo, keep left ya Kiingereza ikawa kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, tukasikia ki- mle ndani na leo Dar tunasema vipilefti bila kusita, kama vile kitabu, k yake ni ya mzizi wa Kiarabu lakini tukaing'oa tukapata vitabu. Napenda sana mambo haya jamani.

Kifaransa cha leo niais ni mtu mjinga, asiyeijua dunia. Rudi sasa kwenye Hamlet: pale wanasemwa waigizaji watoto wa London waliokuwa wanawanyang'anya wakubwa watazamaji, ndo maana wanaitwa makinda, na kabla tu ya neno hilo kuna aery, kiota cha ndege mwindaji.