Dada, herufi nne zilinifukuzia mteja

Usitume hiyo ada ya mkufunzi! Unasema umekabidhiwa timu ya watu wanane hapo Upper Hill na unataka wafanye lile jaribio la haiba 16, Myers-Briggs, linalompa kila mtu herufi nne za tabia yake, halafu ugawe kazi kwa majibu yake. Mimi nilifanya hayo hayo.

Mkufunzi alitupeleka Naivasha. Nyama choma, kuvuta kamba, kisha kila mtu akabandikwa herufi zake kifuani kama mzigo wa kupakiwa basi. Binti aliyekuwa akishughulikia wateja wetu akatoka "I", mtu wa kujitenga. Mkufunzi akaninong'oneza, "Huyu unamtesa, mpe kazi ya peke yake." Jumatatu nikamhamishia stoo, nikajiona bosi mwenye huruma kwelikweli.

Kumbe hakuwa wa kujitenga hata kidogo. Kikaoni alinyamaza kwa sababu naibu wangu alimkata kauli kila alipofungua mdomo. Kwa simu na mteja wetu mkubwa wa Industrial Area alikuwa anapiga soga, anajua hadi siku lori lao linapoingia gereji. Niliyemweka mahali pake alikuwa "E", mchangamfu wa ofisi nzima. Alimchekesha mteja wiki tatu, akasahau oda mbili. Mteja akahama. Binti naye akaleta barua ya kuacha kazi, mistari miwili, na hata hapo nikasema moyoni, si ndiyo hiyo "I" yake?

Baadaye ndipo nikasoma. Waliotunga jaribio hilo, Katharine Briggs na bintiye Isabel Myers, hawakusomea saikolojia. Walijenga juu ya nadharia ya Carl Jung ya 1921. Wengi wakilirudia baada ya wiki chache hupata herufi nyingine, na wenye jaribio wenyewe wanakataza kulitumia kuchuja waombaji kazi. Mkufunzi alijua? Kama alijua ni tapeli. Kama hakujua, ni tapeli mwenye projekta.

Keti na mmoja mmoja, chai na mandazi. "Ukikosea nikwambie vipi, nikuandikie au tukae? Kikaoni nani anakuzima?" Halafu funga mdomo. Siku hizi simhamishi mtu kabla hajanijibu hayo mwenyewe, hata mlinzi wa geti.

Uliuliza mengine pia, ya ratiba sijui, na ya naibu mkali. Wangu bado yupo, na bado anakata watu kauli. Herufi zake zilisema ni kiongozi wa kuzaliwa.